Wadhamini wa Nyumba ya Wazee

Zipo picha mbili ambazo nimekaa nazo kwa zaidi ya miaka 30, na kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo nilizisoma vibaya. Nasema "nilizisoma" kwa makusudi. Mwalimu hata ukimwekea picha mbele yake hatulii mpaka ameitafutia funzo, na funzo likishapatikana hurudi kitini akidhani kazi imekwisha. Mimi nilifanya hivyo, tena mbele ya wanachuo, mwaka baada ya mwaka. Ukurasa huu ni wa kusahihisha.

Picha zenyewe zilichorwa na Frans Hals katika mji wa Haarlem, Uholanzi, mnamo mwaka 1664, wakati mchoraji huyo alikuwa na miaka 80 na ushei. Moja inawaonyesha wanaume waliokuwa wadhamini wa nyumba ya kutunzia wazee wa kiume. Nyingine inawaonyesha wanawake waliosimamia mambo ya ndani ya nyumba hiyohiyo. Nilizikuta katika kitabu alichoniachia mwalimu wa Kiholanzi aliyefundisha hisabati chuoni kwetu mwishoni mwa miaka ya 1980. Siku ya kuondoka aligawa vyombo vyake: mmoja wetu alipata jiko la mafuta ya taa, mwingine baiskeli, mimi nikapata kitabu cha picha. Wenzangu walinicheka, na kwa miezi kadhaa nami niliona kwamba jiko lingenifaa zaidi.

Kwanza nieleze kilichomo. Katika picha ya wanaume wamo watu sita. Watano ni wadhamini. Wamevaa nguo nyeusi, kola nyeupe na kofia nyeusi pana, nao wamezipanga sura zao kando ya meza bila kutazamana. Wa sita amesimama nyuma, kichwa wazi. Huyo ni mtumishi wa nyumba, na kutokuwa na kofia mbele ya wenye kofia ndiyo alama ya cheo chake. Katika picha ya wanawake wamo watu watano. Wanne ni wadhamini, nao wamevaa nyeusi vilevile, na vitambaa vyeupe vimewafunika mabega. Wa tano, upande wa kulia, ni matroni aliyeingia na kikaratasi mkononi, kana kwamba analeta habari ya mtu aliye nje ya mlango. Hakuna anayetabasamu. Hakuna mzee hata mmoja wa wale wanaotunzwa. Nyuma ya watu hawa kuna giza.

Msomaji atauliza: watu wa nyumba ya maskini walikuwa na haja gani ya kuchorwa? Hapo hatuna budi kuingia mjini kwao.

Uholanzi ya karne ya 17 ilikuwa nchi ya miji. Majimbo ya kaskazini yaliyoasi utawala wa Hispania yalijifunga pamoja kwa Mkataba wa Utrecht mwaka 1579, yakamkana mfalme rasmi mwaka 1581, na vita havikumalizwa kwa mkataba mpaka mwaka 1648. Haarlem iliyaonja mapema. Ilizingirwa na majeshi ya Hispania kuanzia Desemba 1572, ikasalimu amri Julai 1573, na miaka mitatu baadaye moto ukateketeza sehemu kubwa ya mji. Kisha, mwaka 1585, Antwerp ilipoangukia mikononi mwa Wahispania, maelfu ya watu walihama kutoka kusini kwenda kaskazini. Walikuja wafumaji wa kitani, wafanyabiashara na wachoraji. Hals alizaliwa Antwerp na kuletwa Haarlem angali mtoto. Mji uliopata sifa kwa bia na vitambaa vyake vyeupe ulijengwa upya kwa mikono mingi ya wakimbizi.

Mji wa namna hiyo haukuwa na mfalme wa kuupambia jumba. Kanisa nalo, ambalo kwingineko Ulaya ndilo lililokuwa mteja mkubwa wa wachoraji, liligeuka kuwa la Kiprotestanti mwaka 1578, na sanamu na picha za altare zikakosa mahali. Mchoraji akabaki na mteja mmoja tu, yaani raia. Mwingereza Peter Mundy, aliyefika Amsterdam mwaka 1640, alishangaa kuona kwamba hata wauza nyama na waoka mikate walipamba maduka yao kwa picha, na kwamba mhunzi naye aliweza kuwa na picha karibu na tanuri lake. Picha ilikuwa bidhaa, kama jibini na kitambaa. Wachoraji waliandikishwa katika chama cha mafundi cha Mtakatifu Luka, na Hals aliingia mwaka 1610. Waliuza sokoni, waliuza kwa mkopo, walilipia madeni kwa picha.

Na mahali pa mfalme pakakaa kamati. Hili ndilo jambo ninalotaka msomaji alishike. Mji wa Kiholanzi uliendeshwa na kamati: kamati ya walinzi wa mji, kamati ya chama cha mafundi, kamati ya hospitali, ya yatima, ya wakoma, ya wazee. Wajumbe wake walitoka katika familia zenye mali, hawakupokea mshahara, na ujumbe wenyewe ulikuwa heshima. Kila kamati ilitaka picha yake ukutani. Kwa kawaida kila mtu alilipia sura yake mwenyewe. Watu waliochorwa na Rembrandt katika ile picha maarufu ya walinzi wa usiku, ya mwaka 1642, walilipa wastani wa gilda 100 kila mmoja. Ni aina ya sanaa iliyostawi Uholanzi kuliko popote pengine Ulaya, nayo ni ngumu, kwa maana mchoraji ana mabwana watano au kumi na watano, na kila mmoja anataka aonekane.

Hals aliijua kazi hiyo tangu ujana. Karamu yake ya maofisa wa walinzi wa Mtakatifu George, ya mwaka 1616, ina kelele. Unakaribia kusikia bilauri zikigongana. Alikuwa pia na kiburi cha fundi. Mwaka 1633 kikosi kimoja cha walinzi wa Amsterdam kilimpa kazi, akaianza, kisha akakataa kuendelea kusafiri kwenda kwao. Alitaka wao wamfuate Haarlem. Mvutano ukaenda hivyo mpaka kazi ikakabidhiwa mchoraji mwingine, Pieter Codde, aliyeimaliza mwaka 1637.

Lakini soko halina shukrani. Mtindo ulibadilika, wateja wakapenda rangi laini na sura zilizosuguliwa, na mzee Hals akabaki na brashi yake ya haraka na watoto wengi. Katika miaka ya 1650 mwoka mikate aliyekuwa akimdai alishikilia mali yake. Orodha ya vitu vilivyoshikwa inasikitisha: magodoro matatu na mito yake, kabati, meza, na picha tano. Mwaka 1662 aliomba msaada wa mji, na mwaka 1664 mji ukamkubalia gilda 200 kwa mwaka. Mwaka huohuo alipewa pia mizigo mitatu ya mboji, ule udongo wa kinamasi uliokaushwa ambao Waholanzi waliuchoma badala ya kuni. Kisha, katika baridi hiyohiyo ya uzee, akaletewa kazi ya kuwachora watu ambao shughuli yao ilikuwa kugawa mkate na moto kwa wazee wasio na kitu.

Hapa ndipo niliponasa. Kwa mwalimu, kisa kama hiki ni nyama iliyonona. Kulikuwa na masimulizi ya zamani kwamba Hals aliishi katika nyumba hiyo ya wazee, akateswa na wadhamini, na akalipiza kisasi kwa brashi: kwamba yule mdhamini mwenye kofia iliyokaa upande na macho mazito amechorwa akiwa amelewa, na wale wanawake wamechorwa kama wachawi. Baadaye nilisoma kitabu cha John Berger, *Ways of Seeing*, cha mwaka 1972. Berger hasemi kwamba mchoraji alilipiza kisasi. Yeye ni mwangalifu zaidi. Anasema mchezo mzima wa picha hizi ni mtu fukara anayewatazama wanaomfadhili, na huku akijitahidi kuwa mwadilifu. Anawakaripia pia wataalamu wanaojificha nyuma ya maneno ya rangi na mpangilio ili wasiyaone makabila mawili ya watu yanayotazamana, wenye nacho na wasio nacho.

Mimi nilichukua masimulizi ya zamani, nikayachanganya na Berger, nikapata somo la dakika 40. Niliwaonyesha wanachuo ukurasa wa kitabu, nikawaambia, "Mtazameni mnyonge anavyomhukumu mkubwa." Waliipenda. Nami nililipenda somo hilo kwa sababu ambayo sikuitaja darasani: kila mara nilipolifundisha, nilijiweka upande wa Hals. Kulikuwa na wakubwa wangu wizarani, kulikuwa na barua zisizojibiwa, kulikuwa na wakaguzi. Niliwavika kofia pana wote.

Mwaka 2014 mwanangu, aliyekuwa akisoma Uholanzi, alinialika nikamtembelee. Nilikuwa nimestaafu. Alitaka kunionyesha mashamba ya maua na milango ya kuzuia bahari. Nikamwambia nipeleke Haarlem kwanza. "Baba, huko kuna nini?" akaniuliza. Nikamjibu kwamba kuna watu nawadai.

Makumbusho ya Frans Hals yamo ndani ya nyumba ileile ya wazee. Nyumba ilijengwa mwanzoni mwa karne ya 17, na sehemu ya fedha zake ilipatikana kwa bahati nasibu iliyoendeshwa mjini. Baadaye iligeuzwa kuwa nyumba ya yatima, na tangu mwaka 1913 ni makumbusho. Ukiingia unakuta ua wa mraba na bustani katikati, na kuuzunguka kuna vijumba vya matofali vilivyoungana. Kanuni zake za zamani zinajulikana. Mzee alipaswa kuwa na miaka isiyopungua 60, mkazi wa Haarlem, asiye na mke. Alitakiwa kuja na kitanda chake, kiti chenye mto, chungu cha bati cha haja ndogo, mablanketi matatu, mashati sita mazuri na kofia sita za kulalia.

Niliposoma orodha hiyo nilicheka peke yangu, mwanangu akanitazama. Nimeandika orodha kama hiyo kwa miaka mingi. Ndoo moja, godoro moja, shuka nne, chandarua, jembe lenye mpini. Anayekuja bila vitu hivi hatapokelewa. Nilikuwa nimefika Haarlem kama wakili wa fukara, na kitu cha kwanza kuniamkia mlangoni kilikuwa mwandiko wa mwenye chuo.

Kisha nikasimama mbele ya picha zenyewe. Kitabu changu kilikuwa kimenidanganya kwa njia mbili. Kwanza, ukubwa. Kila picha ina upana wa takriban mita mbili na nusu, na watu wake wanakaribia kimo cha binadamu. Huwatazami, mnatazamana. Pili, weusi. Kitabuni nguo zao ni doa moja la wino. Ukutani weusi huo una tabaka: upo unaoelekea kahawia, upo wa kijivu, upo unaong'aa kama hariri na upo unaonyonya mwanga kama masizi. Vincent van Gogh, aliyemtukuza sana Hals, aliandika katika barua ya mwaka 1885 kwamba mchoraji huyu ana nyeusi zisizopungua 27. Sikuzihesabu, ila sikumbishii.

Na nyeupe je? Ukiwa mbali unaona pindo la mkono wa shati. Ukisogea unaona mipigo minne au mitano ya brashi, imetupwa kwa haraka, na hakuna shati tena. Hii si kazi ya mkono uliochoka. Ni mkono uliojua nini kiachwe. Hals hakuwa na muda wa kusugua, au hakuona sababu ya kusugua. Lakini akifika kwenye uso anapunguza mwendo. Uso wa kila mmoja umeangaliwa peke yake, kwa ukamilifu, kana kwamba wengine hawapo chumbani.

Nilikaa kwenye benchi karibu saa nzima nikikitafuta kisasi. Sikukiona. Yule mwenye kofia upande nilimtazama zaidi ya wote. Wataalamu wamekwisha kusema kwamba kuvaa kofia hivyo ilikuwa mtindo, na wengine wamedhani uso wake ulikuwa na ugonjwa wa kupooza. Sijui tabibu angesema nini, ila nilichokiona si mlevi. Ni mtu ambaye hana hakika kama amelifanya vizuri jambo alilopewa, na ambaye haelewi kwa nini mzee huyu anamtazama kwa muda mrefu hivyo.

Wanawake ni wakali zaidi, hilo kweli. Mikono yao ina mifupa. Yule matroni ana kikaratasi, na hakuna anayegeuka kukipokea. Lakini hata hapa sikuona dhihaka. Niliona watu waliokaa kwenye kikao kwa miaka mingi. Yeyote aliyewahi kuwa katibu wa kamati anaijua sura hiyo: si ya ukatili, ni ya ajenda.

Masimulizi ya kisasi yana kasoro nyingine, za ushahidi. Hals hakuwahi kuishi katika nyumba hiyo, na posho yake ilitoka kwa wakuu wa mji, si kwa wadhamini hawa. Zaidi ya hayo, wakuu wa miji ya Uholanzi walijua sana kukataa picha. Mwaka 1662 picha kubwa ya Rembrandt iliyomwonyesha Claudius Civilis, kiongozi wa uasi wa kale dhidi ya Warumi, iliondolewa katika Jumba la Mji la Amsterdam muda mfupi baada ya kutundikwa. Akaikata, na kipande kilichosalia kiko Stockholm. Kama wadhamini wa Haarlem wangeona wametukanwa, wasingekosa la kufanya. Lakini picha zilibaki mali ya nyumba, na hatimaye mali ya mji. Walijitazama wakakubali. Katika mambo yote niliyoyasoma juu ya utamaduni wa miji ile, hili ndilo linalonishangaza zaidi. Kamati ilimkabidhi sura zake mzee aliyekuwa akila kwa msaada wa mji, akaichora bila kuibembeleza, nayo ikapokea.

Ndiyo maana namkatalia Berger nusu, na nusu namkubalia. Yuko sahihi kwamba chumbani mna wenye nacho na asiye nacho, na kwamba anayelificha hilo kwa kuzungumzia mpangilio wa rangi anakwepa. Lakini naona anamfanya Hals kuwa fukara kwanza na fundi baadaye. Ukutani mambo ni kinyume. Kwa saa zile alizokaa nao, aliyekuwa na uwezo chumbani alikuwa yeye. Wao walikaa kimya, wasitikisike, wamngoje amalize. Alichowapa ni kile ambacho pengine wao hawakuwapa wazee wao: aliwatazama mmoja mmoja.

Miaka miwili kabla, Rembrandt alikuwa amewachora wakaguzi wa vitambaa wa Amsterdam, ile picha ya mwaka 1662. Ni watu sita pia: wakaguzi watano wenye kofia na mtumishi mmoja kichwa wazi, meza, na daftari. Nao wananyanyua macho kana kwamba umeingia mlangoni katikati ya kikao. Ni picha iliyotimia kuliko ya Hals, sibishi. Ila wakaguzi wa Rembrandt wana jibu la kila swali utakaloliuliza. Wadhamini wa Hals hawana. Watu hawa sita wa Amsterdam wanakagua nguo. Wale wa Haarlem wanakagua watu, na Hals ameacha ugumu wa kazi hiyo uonekane nyusoni.

Sasa niseme lililonipata kwenye benchi lile, maana bila hilo sina sababu ya kuandika.

Nilikuwa mkuu wa chuo na mwenyekiti wa kamati iliyosikiliza shida za wanachuo. Mwaka mmoja alikuja kijana wa mwaka wa pili akiomba nauli akamzike mama yake. Kwao ni mbali, safari ya siku mbili. Fungu la dharura lilikuwa na masharti: taarifa ya msiba iletwe kwa maandishi na serikali ya kijiji. Kijana alikuwa na ujumbe wa mdomo tu, ulioletwa na dereva wa lori. Tulikuwa watano mezani. Tulijadili kanuni. Hatukuwa wakatili, mmoja wetu alisema tukimkubalia huyu kesho watafiwa kumi. Nikatia saini kwamba ombi halikukidhi masharti. Kijana alisimama mbele yetu muda wote, na sikumbuki sura yake. Nimejaribu. Nakumbuka faili lilikuwa la kijani. Nakumbuka alisema, "Ahsante, Mkuu," akatoka. Wanachuo wenzake walimchangia, akafika baada ya maziko.

Somo la Hals nililifundisha kabla ya siku hiyo, na baada ya siku hiyo nikaendelea kulifundisha. Haikunipitia akilini kwamba upande wangu wa meza ni upi.

Baada ya kustaafu nilihamia upande wa pili. Wastaafu wanaijua foleni ya kuhakikiwa: unakwenda na vyeti vyako kuthibitisha kwamba bado uko hai. Siku moja kijana wa dirishani, bila kuinua macho, aliniambia, "Mzee, jina hili na hili hayalingani, rudi na kiapo." Herufi moja ilikuwa imezidi. Alikuwa sahihi kwa kanuni zake. Nikatoka nje, nikakaa kwenye ukuta mfupi pamoja na wenzangu, nikamkumbuka kijana wa nauli. Kilichoniuma hasa si kurudishwa. Ni kwamba yule wa dirishani, akiulizwa kesho, hatakumbuka nilikuwa na sura gani.

Sipendi msomaji afikiri nataka kuwasafisha wadhamini wa Haarlem. Rehema ya miji ile ilikuwa ya kweli, na wageni wengi wa zama hizo waliisifu, lakini ilikuwa na ukuta. Ilimhusu mkazi, tena mkazi mwenye sifa njema. Nje ya ukuta utaratibu uleule wa kamati na daftari ulifanya kazi nyingine kabisa. Kampuni ya Mashariki ya India, iliyoanzishwa mwaka 1602, nayo iliendeshwa na wakurugenzi waliokaa mezani. Meli zake zilifika pwani yetu hii. Mwaka 1607 na tena 1608 ziliizingira ngome ya Wareno katika kisiwa cha Msumbiji, zikashindwa kuitwaa. Kampuni ya Magharibi, ya mwaka 1621, iliwasafirisha Waafrika utumwani kwa maelfu. Wajumbe wake hawakulazimika kumwona waliyemwamulia. Meza ndefu ina hatari hiyo popote ilipo, na kadiri ilivyo ndefu ndivyo sura ya aliye ncha ya pili inavyopotea. Katika picha za Hals umbali ni mfupi: ni upana wa chumba tu, na bado ni mkubwa mno.

Hals alikufa mwaka 1666 akazikwa katika kanisa kuu la mji. Mjane wake naye baadaye alilazimika kuomba msaada wa maskini. Jina lake lilififia kwa karne mbili, mpaka Wafaransa walipolifufua. Mwaka 1865, huko Paris, tajiri mmoja wa Kiingereza alinunua picha yake ya kijana mwenye masharubu kwa faranga 51,000. Mwoka mikate alikuwa amekwisha kuoza.

Nyumbani kwangu sebuleni kuna picha ya kamati yetu ya chuo, ilipigwa tulipokuwa tunamaliza muda wetu. Tumekaa watano, tai zimenyooka, mikono juu ya magoti. Mpiga picha alituambia tutabasamu kidogo, tukatabasamu kidogo. Wajukuu hawatambui yupi ni babu mpaka niwaonyeshe. Niliporudi kutoka Haarlem niliitoa ukutani nikaitazama mchana kweupe. Ndipo nikakumbuka kwamba tulikuwa sita siku ile. Tarishi wetu, aliyetuletea viti na kuvipanga, alikuwa amesimama nyuma yetu, na mpiga picha akamwambia asogee, anaharibu. Akasogea. Ukichunguza vizuri, kwenye kona ya chini ya kulia, utaona kivuli chake sakafuni.

Hals angemwacha pale alipo.